Nikiwa ndani ya eda, nilikwenda kumshtaki mwajiri aliyenizikia mume wangu

Wakuu, habari za mchana. Walionizidi umri shikamooni, wadogo zangu salamu zenu nimezipokea.

Mimi ni mgeni wa kuandika, si wa kusoma. Nimekaa humu kimya muda mrefu nasoma nyuzi zenu na kucheka peke yangu jikoni. Leo nimefungua ID kwa ajili ya jambo moja tu. Yamenipata mimi mwenyewe, majina ndiyo nimebadilisha, kwa sababu Bagamoyo mji mdogo. Kama umenijua, naomba ujifanye hujanijua.

Uzi ni mrefu. Asiye na muda apite, hatugombani.

Naanza.

Nilikuwa matroni wa bweni la wasichana katika shule moja binafsi huko Mapinga. Mnaojua kazi ya matroni mnajua: mtoto akiumwa tumbo ni wewe, akiibiwa kandambili ni wewe, akililia nyumbani ni wewe. Kazi nilikuwa naipenda. Na binti yangu Swaumu alikuwa anasoma palepale, kwa sababu mtoto wa mfanyakazi alipunguziwa ada. Bila kazi ile, mtoto asingeweza kukaa shule ile hata muhula mmoja.

Mimi ni mkali, sifichi. Wasichana wangu nilikuwa nawaambia kila siku: ukionewa sema, usikae na jambo moyoni ukaoza nalo. Kumbukeni maneno hayo, maana yatanirudia.

Mume wangu, Hemedi, fundi majokofu, aliugua ghafla na Mungu akamchukua. Hapo sitaki kukaa sana.

Mwenye shule, ambaye sote tulimwita Madam, alikuja msibani mwenyewe. Hakutuma mtu. Alileta mchele wa kulisha watu siku zote za matanga. Alitoa basi la shule likabeba waombolezaji kwenda makaburini na kuwarudisha. Aliingia ndani walikokaa wanawake, akavua viatu, akakaa mkekani karibu na mama mkwe wangu, akanishika mkono.

Akasema, na chumba kizima kinasikia: "Mama Swaumu, kaa eda yako kwa amani. Kazi yako ipo, haiendi popote."

Wanawake wakaitikia amina. Mama mkwe akamwombea dua.

Kwa wasiojua mambo haya: mwanamke wa Kiislamu akifiwa na mume hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hajitii manukato, analala nyumbani kwake na hatoki ovyo. Huku kwetu pwani anaitwa kizuka, na mtaa mzima unamlinda kwa macho. Kizuka akionekana sokoni, habari zinafika nyumbani kabla yake.

Basi nikakaa.

Mwezi wa kwanza ukapita vizuri, kama mwezi wa namna ile unaweza kupita vizuri. Nilikuwa bado kwenye grupu la wafanyakazi wa shule. Nasoma habari za pampu ya maji imekufa, uji umeungua, mwalimu fulani kachelewa zamu. Ilinipa faraja. Nilijiona bado mtu wa mahali fulani.

Mwezi wa pili, asubuhi moja nachambua mchele, nashika simu: nimeondolewa kwenye grupu.

Nikadhani kidole cha mtu kimeteleza. Nikamwandikia mhasibu, ndiye msimamizi wa grupu. Nikaona amesoma. Kimya. Adhuhuri ikapita, alasiri ikapita. Magharibi akajibu: "Matroni pole sana. Nafasi yako imejazwa. Madam anasema wewe pumzika tu."

Ndivyo nilivyoachishwa kazi, wakuu. Bila barua, bila kuitwa, bila notisi. Neno lenyewe "pumzika", kana kwamba nilikuwa nimeomba.

Sasa sikilizeni nilichofanya mimi, mkali wa bweni. Sikufanya kitu.

Sikumpigia Madam. Sikumwambia mtu. Mama mkwe, ambaye naishi naye nyumba moja, akiniuliza "kazini hawajambo?" nilikuwa namjibu "hawajambo mama, wanakusalimu." Naye anaitikia salamu ambazo hakuna aliyezituma. Nilifanya hivyo zaidi ya wiki, na kila mara nilikuwa najisikia mdogo kuliko jana yake.

Mtauliza kwa nini. Kwa sababu niliona haya. Yule mwanamke alikuwa amelisha msiba wangu. Basi lake ndilo lililowapeleka watu kumzika mume wangu. Ningeanzia wapi kumlalamikia? Tena mtaani wangesema, udongo wa kaburi haujakauka, yeye anahangaikia mshahara.

Nikajiambia nisubiri eda iishe, halafu niende nikaongee naye kistaarabu, mtu na mtu.

Hapo ndipo nilipokaribia kupotea.

Usiku na mchana nilikuwa na simu, kizuka hana pa kwenda, nikaingia humu. Nikakuta uzi wa zamani wa mtu aliyefukuzwa kiwandani. Mkuu mmoja, sijui kama bado yupo, alikuwa amemjibu kwa upole hatua kwa hatua. Nikasoma kwamba ukiachishwa kazi na huridhiki, lalamiko linapelekwa kwenye ile tume ya serikali inayosuluhisha migogoro ya kazi, na lazima lifike ndani ya siku thelathini tangu kuachishwa.

Nikasoma tena. Thelathini. Eda yangu ilikuwa haijafika hata nusu.

Yaani ningesubiri niwe huru kutoka nyumbani, mlango wa sheria ungekuwa umeshafungwa. Unaweza kuomba kuongezewa muda, unaapa kiapo na kueleza sababu, lakini kukubaliwa ni bahati yako na sababu zako.  Na bado, wakuu, bado sikusema. Nikalala nayo.

Kilichonifungua mdomo ni tranka.

Siku ya Jumatano, si likizo wala nini, bajaji ikasimama nje. Swaumu akashuka na tranka lake la bati na godoro limekunjwa. Shule imemwambia mama yake si mfanyakazi tena, akalete ada kamili ndipo arudi. Mtoto hakulia. Aliingia, akamwamkia bibi yake, akaweka tranka sebuleni, akaketi juu yake.

Mama mkwe akaniangalia. "Si ulisema kazini wanakusalimu?"

Wakuu, nimewahi kufiwa na nimewahi kufukuzwa, lakini sijawahi kutaka ardhi inimeze kama dakika ile. Mbele ya mwanangu. Nikamwambia yote, mpaka ile tume na zile siku thelathini, huku natazama sakafu.

Mama mkwe alikasirika, lakini si kwa upande niliotegemea. "Kwa hiyo unataka kumshtaki yule mama? Aliyekuzikia? Tumekula mchele wake humu ndani, mama Swaumu! Na utoke eda kwenda maofisini, watu watutazame vipi?"

 Yote aliyoyasema nilikuwa nimeshajiambia mwenyewe.

Yeye ndiye aliyetazama lile tranka kwanza.  Kisha akaniambia nimpigie maalimu wetu, niweke sauti ya juu na yeye asikie.

Maalimu akasikiliza, akauliza maswali mawili matatu, akasema: "Mwenye haja ya kweli hutoka mchana akatimiza haja yake, akarudi kulala nyumbani kwake. Haki yake ikipotea kwa kukaa ndani, hiyo ni haja. Asijipambe, asipitepite kwa watu."

Mama mkwe akashusha pumzi. "Haya. Lakini hutoki peke yako."

Sasa niwaeleze utaratibu kama nilivyoupitia, huenda kuna mtu amekaa ndani na simu kama nilivyokaa.

Kwanza nilimpigia afisa kazi. Akanielewesha kwamba mambo kama kunyimwa mkataba, likizo au malipo wakati bado uko kazini unaweza kumpelekea yeye, anakagua na kumwandikia mwajiri. Lakini kuachishwa kazi ni kwa tume, na kwa mkoa wetu niende Kibaha. Malalamiko mengine ya kazi tume inayapokea ndani ya siku sitini, ila la kuachishwa ni zile thelathini.

Kuna fomu ya kufungulia lalamiko. Swaumu alikwenda stationery wakamchapia. Unajaza wewe ni nani, mwajiri ni nani, nini kilitokea, lini, na unataka nini. Sikuwa na wakili wala hulazimishwi kuwa naye, na kufungua lalamiko hawakunitoza kitu.

Pale kwenye "unataka nini" ndipo nilipokwama. Nikaandika "kurudi kazini". Nikafuta. Nikaona kama naomba hisani. Swaumu akaniambia, "Mama, si ndicho unachotaka?" Nikaandika tena.

Halafu kuna hatua ambayo hakuna aliyeniambia inauma: nakala ya ile fomu lazima umfikishie mwajiri kwanza, apokee kwa sahihi, ndipo upeleke tume pamoja na uthibitisho kwamba amepokea.

Maana yake niende Mapinga. Getini. Na nguo za eda.

Nikaazima ninja kwa jirani, nikajifunika macho tu yaonekane, juu ya baibui la mama mkwe. Nikajiona nimejificha barabara. Tukaita bajaji itupeleke stendi, nikamwambia dereva tu, "Stendi, mwanangu, na usikimbize."

Akageuka. "Pole na msiba, mama Swaumu."

Nikamuuliza amenijuaje. Akasema, "Sauti, mama. Si wewe uliyenifokea mwaka jana nilipopakia watoto wengi?"

Mama mkwe alicheka mpaka akajifuta machozi. Kicheko cha kwanza nyumbani kwetu tangu msiba. Mimi nilikuwa natokwa jasho ndani ya ile ninja.

Mapinga, mlinzi alinifungulia geti huku anatazama pembeni. Bahati mbaya ilikuwa saa ya mapumziko. Sijui wale watoto walinijuaje, labda mwendo. Mmoja akapiga kelele "Matroni!" na kundi zima likaja mbio, wananishika baibui, wananiuliza nimerudi? Nimerudi lini? Wasichana niliokuwa nawafundisha wasiogope kusema. Na mimi nimesimama mbele yao nimejifunika uso ili nisijulikane.

Nikaivua ninja palepale. Sikuvumilia.

Madam hakuwepo, au aliagiza niambiwe hayupo, sijui. Mhasibu alipokea, akasoma, akasaini na kupiga muhuri bila kuinua kichwa. Wakati natoka akasema kwa sauti ndogo, "Matroni, mimi nilitumwa tu." Nikamwambia najua.

Kesho yake Kibaha. Tulipanda gari mpaka Bunju, tukabadilisha, tukabadilisha tena, mama mkwe na magoti yake. Nikafungua lalamiko. Siku zilikuwa zimebaki chache, sitazitaja, naona haya kuzitaja.

Mtaani nao hawakulala. Dada mmoja alikuja kunijulia hali, kumbe kaja kuuliza: "Eti tumesikia kizuka kaonekana Kibaha?" Mama mkwe akamjibu kutoka chumbani, "Ndiyo, alikuwa na mimi. Unataka kujua tulikula nini?" Hakurudi tena.

Tukaitwa kwenye usuluhishi. Kwa wasiojua, usuluhishi si kesi ile ya kwenye luninga. Mnakaa chumbani, wewe, mwajiri na msuluhishi, mnajaribu kuelewana. Mkishindwa ndipo inakwenda kusikilizwa kwa ushahidi na kutolewa uamuzi.

Na ushahidi ndio ulikuwa unaniondolea usingizi. Ruhusa yangu ilitolewa kwa mdomo, mkekani, kwenye msiba. Madam angesema tu kwamba mimi ni mtoro, nimeacha kazi mwenyewe. Nani angekwenda kusimama kumpinga? Wanawake waliokuwa mle chumbani, nusu yao watoto wao wanasoma kwake au wanauza kitu kwake.

Siku hiyo tulifika mapema, tukakaa kwenye benchi nje. Mama mkwe hakuruhusiwa kuingia, alikuja kunisindikiza tu.

Madam akafika. Alipotuona alisita. Kisha akaja, akainama kwa adabu zote. "Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Shule haijambo?"

"Hawajambo mama. Tunamshukuru Mungu."

Wakasalimiana salamu ndefu za kwetu, za nyumbani, hawakuruka hata moja. Mimi nimekaa katikati yao natamani nife. Halafu mama mkwe, kwa sauti ileile ya salamu, akasema:

"Mwanangu, yale maneno uliyosema nyumbani kwangu, ulikuwa unatuambia sisi, au ulikuwa unaambia mkeka?"

Hakufoka. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

 Madam akatazama mkoba wake. Karani akatoka kutuita, tukaingia.

Ndani, msuluhishi, dada mpole lakini hana mchezo, akauliza: "Mlalamikaji anasema ulimruhusu akae eda na kazi yake ipo. Ni kweli?"

Nikasubiri akane. Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, usiku kucha nilikuwa nimejiandaa kwa hilo.

Madam akasema, "Ni kweli."

Kisha akaanza kulia. Akasema siku ile alimaanisha. Aliporudi shuleni akakuta bweni haliwezi kukaa muda wote ule bila matroni, akaajiri mwingine, na yule mwingine akataka uhakika. "Nilitaka kumpigia. Kila nikishika simu nashindwa. Utamwambiaje mtu yuko edani kwamba humtaki tena? Niliona aibu. Nikamwambia mhasibu amtoe kwenye grupu, nikajua ataelewa mwenyewe."

Nilichosikia kifuani si hasira, wakuu. Nilijiona mimi. Mimi kwangu natunga salamu za uongo, yeye kwake anashika simu na kuiweka chini, na kati yetu mtoto ameketi juu ya tranka.

Msuluhishi akampa maji. Akasubiri anywe. Akamwambia, "Mama, nakuelewa. Ila aibu siyo utaratibu wa kumwachisha mtu kazi."

Tulifikia makubaliano siku hiyohiyo. Swaumu arudi darasani wiki inayofuata. Mimi nimalize eda, nirudi bwenini, tuwe matroni wawili tugawane zamu. Miezi ya eda nisilipwe, nami nilikubali, maana kazi sikuifanya. Tukasaini wote, tukapewa nakala, na nikaambiwa makubaliano yale yana nguvu, yakivunjwa nirudi.

Eda yangu iliisha. Siku ya kutoka tulisoma dua nyumbani, watu wachache. Basi la shule likasimama mlangoni. Mlinzi akashusha gunia la mchele. Kutoka kwa Madam.

Watu wakatazamana, wote wanajua. Mimi nikatazama lile gunia nikahisi uso unanichoma upya. Nikataka kusema lirudishwe. Nikataka kusema asante. 

Mama mkwe akatoka, akaligusa lile gunia kwa fimbo yake. "Lipokeeni, lipikwe," akasema. "Kamwambieni tumeshukuru. Na mwambieni safari hii mchele umetosha, asiweke na maneno."

Nimerudi kazini. Madam tunasalimiana vizuri, hatutazamani sana. Wasichana wangu siku hizi siwaambii "ukionewa sema" kama nilivyokuwa naropoka zamani. Nawaambia ukionewa utaona haya, na utataka kukaa kimya, hilo lijue mapema. Nenda nayo hiyo haya yako mpaka mlangoni, ubishe hodi nayo. Mimi nilidhani lazima iondoke kwanza ndipo niende. Ningeisubiri, siku thelathini zingeisha.

Kwa hiyo ndugu yangu uliyeondolewa kwenye grupu leo, weka ule ujumbe, usiufute, andika tarehe, na anza kuhesabu. Wema aliokufanyia mwajiri ni wema wake na Mungu atamlipa. Kazi yako ina utaratibu wake.

Wenye utaalamu wa sheria, kama kuna mahali nimekosea nirekebisheni, sitanuna. Wa matusi pia karibuni, nimelea wasichana wa bweni, hamnitishi.

Ila kuna swali naomba anijibu aliyewahi kupita njia hii. Yule uliyemshtaki, na ndiye aliyekuja kukuzikia, ukikutana naye asubuhi unamwangaliaje? Mimi bado naangalia viatu vyake.